Kaunta, Barafu na Ndimu: Tulivyokula Florida



Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaacha kwenye habari za mitihani, nikaahidi kwamba ile likizo ya wiki moja ikifika nitalala tu. Sikulala. Tulikuwa watatu: mimi, kaka mmoja wa Unguja anayesoma uhandisi, na mshkaji wetu Mkenya mwenye gari kuukuu tunaloliheshimu kuliko linavyostahili. Tukachanga pesa ya mafuta, tukateremka Florida. Nia ilikuwa bahari. Lakini mimi ni mtu wa historia, na kila tulipokaa kula nilikuta kuna hadithi imekaa pale kabla yetu. Basi leo sileti stori za ufukweni. Naleta historia ya meza. Kaeni mkao wa kula!

Tuanze na Tallahassee, mji mkuu wa jimbo (mimi nilidhani ni Miami, msinicheke). Tulifika jioni, njaa inauma, tukaingia kihoteli kimoja chenye kaunta ndefu na vile viti vya kuzunguka tunavyoviona kwenye sinema. Tukaagiza baga, chipsi na milksheki. Mkenya akaanza kuzungusha kiti kama mtoto. Mama mmoja mtu mzima, mweusi, alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwetu. Akacheka, akatuuliza tunatoka wapi, tukamwambia. Akasema, zungusheni tu wanangu, mama yangu hakuruhusiwa kukalia kiti cha namna hii mjini hapa mpaka mimi naanza shule. Kisha akaendelea na supu yake. Hakuongeza neno.

Milksheki ikaanza kunipita vibaya.

Usiku ule nikasoma. Zamani kwenye miji ya kusini ya Marekani duka kubwa la Woolworth lilikuwa na kaunta ya chakula ndani yake. Mtu mweusi aliweza kununua daftari na dawa ya meno, na pesa yake ikapokelewa bila shida. Akisogea hatua kumi mpaka kwenye kaunta ya chakula, pesa ileile haikutakiwa tena. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa Greensboro, North Carolina, walikaa kwenye kaunta kama hiyo wakakataa kuondoka. Hazikupita wiki tatu, Jumamosi ya tarehe 20 Februari, wanafunzi wa chuo cha weusi cha Florida A&M na wenzao wakakaa kwenye kaunta ya Woolworth ya Tallahassee. Walikamatwa 11. Kati yao walikuwamo ndugu wawili, Patricia na Priscilla Stephens. Patricia alikuwa na miaka 20, yaani umri wa nusu yenu mnaosoma hapa.

Hakimu akawapa chaguo: faini ya dola 300 au jela siku 60. Sasa hapo ndipo mambo yalipobadilika. Wanane kati yao walisema hatulipi. Hoja yao ni nyepesi kuielewa: ukilipa faini umekubali kwamba kukaa kwenye kiti na kuomba chakula ni kosa, halafu pesa yako inakwenda kuwalipa mshahara haohao wanaokukamata. Wakaingia jela. Watano walikaa humo siku 49. Ilikuwa mara ya kwanza katika harakati zile za kaunta wanafunzi kukataa faini na kuchagua kifungo, na wengine kusini mwote wakaiga. Patricia alishapigwa bomu la machozi usoni kwenye maandamano ya tarehe 12 Machi mwaka huohuo, na tangu siku hiyo alivaa miwani myeusi mpaka alipofariki mwaka 2012.

Jamani, sisi bumu likichelewa wiki mbili tunaona dunia imeisha. Hawa walikuwa na mitihani kama sisi, wazazi wenye hofu kama wetu, na walikwenda jela kwa sababu ya kiti cha kuzunguka.

Kesho yake tukaelekea magharibi kidogo mpaka Apalachicola, kamji ka bandari kalikokaa kwenye ghuba. Zamani ghuba hiyo ilitoa sehemu kubwa kabisa ya chaza wa Florida, mpaka hali ilipoharibika na jimbo likafunga uvunaji mwaka 2020 ili wazaliane tena. Lakini mimi sikufuata chaza. Nilifuata barafu.

Jiulizeni: aiskrimu kwenye nchi ya joto lile ilitoka wapi kabla ya umeme? Jibu ni kwamba barafu ilikuja kwa meli. Huko kaskazini, Massachusetts, watu walikata barafu kwenye maziwa yaliyoganda wakati wa baridi, wakaifunika kwa vumbi la mbao, wakaisafirisha. Tajiri wao mkubwa, Frederic Tudor, alipeleka shehena yake ya kwanza Martinique mwaka 1806, na mwaka 1833 barafu yake ilifika mpaka Calcutta, India! Ilikuwa kitu cha anasa, na meli ikichelewa hamna barafu.

Sasa Apalachicola alikuwepo daktari anaitwa John Gorrie, aliyehamia pale mwaka 1833. Homa ya manjano na malaria vilikuwa vinamaliza watu. Enzi zile hakuna aliyejua habari ya mbu, waliamini ugonjwa unatokana na hewa mbaya. Gorrie akawaza: nikikipoza chumba cha mgonjwa, nitamsaidia. Akaning'iniza barafu juu ya vyumba. Barafu ikawa haipatikani, basi akaamua kuitengeneza. Mashine yake ilikuwa inashindilia hewa mpaka inapata moto, kisha hewa hiyo inapozwa kwa maji, halafu inaachiwa itanuke ghafla. Hewa ikitanuka hivyo inakuwa baridi kali, na ubaridi huo ndio unagandisha maji. (Kaka wa Unguja alinieleza jambo hili mara tatu kwenye gari. Watu wa uhandisi bwana!) Tarehe 6 Mei 1851 alipata hataza ya serikali, namba 8080.

Mnadhani alitajirika? Thubutu. Gazeti moja la New York lilimdhihaki kwamba kuna kichaa huko Florida anajiona anaweza kutengeneza barafu kama Mungu. Mshirika aliyetegemewa kuleta mtaji akafariki. Gorrie mwenyewe akafa mwaka 1855, hana kitu. Mwaka 1914 jimbo likapeleka sanamu yake kwenye jengo la Bunge la Marekani kule Washington. Ndiyo hivyo, sifa zinakuja mwenyewe hayupo. Mimi kila nikilamba koni namkumbuka: alitafuta dawa ya homa, sisi tukaishia kufaidi aiskrimu.

Kutoka hapo tukashuka mpaka Tampa, kwenye mtaa wa Ybor City. Mtaa huu ulizaliwa na sigara. Miaka ya 1880 tajiri Vicente Martinez Ybor alihamisha kiwanda chake cha sigara kutoka Key West, na nyuma yake wakaja Wacuba, Wahispania na Waitalia kwa maelfu. Kitu kilichonifurahisha ni kwamba ndani ya viwanda vile alikuwepo msomaji, amekaa juu kwenye jukwaa, anawasomea wafanyakazi magazeti na riwaya huku mikono yao inasokota tumbaku. Na aliyemlipa si mwenye kiwanda, ni wafanyakazi wenyewe, walichanga! Mwaka 1931 wenye viwanda wakawaondoa wasomaji, kisa wanasoma siasa za kuwachochea watu. Radio ikachukua nafasi.

Watu wale walihitaji pa kula, na mwaka 1905 Mcuba Casimiro Hernandez alianzisha Columbia, kahoteli ka kona. Leo ndiyo mgahawa mkongwe kuliko yote Florida, bado uko mikononi mwa ukoo uleule, una vyumba vya kulia 15 na unachukua mtaa mzima kutoka kona mpaka kona. Tuliingia mchana kwa sababu mchana bei ina huruma kidogo. Mimi nikaagiza sandwichi ya Kicuba: mkate mrefu, nyama ya nguruwe ya aina mbili, jibini, tango la siki, haradali. Tampa wanaongeza salami, kwa sababu ya Waitalia waliokaa nao mtaa mmoja. Miami hawatii salami, na wanawaona wa Tampa wameharibu. Ugomvi huu si utani, mwaka 2012 baraza la jiji la Tampa lilipitisha rasmi sandwichi yao iweje na iwe na nini ndani. Nikakumbuka watu wa Tanga na watu wa Unguja wanavyobishana juu ya urojo.

Kaka yetu wa Unguja, kwa kuwa nguruwe haligusi, aliagiza ile saladi maarufu ya 1905 akamwomba mhudumu aitoe nyama. Mhudumu hakushangaa hata kidogo. Akaichanganya mbele yetu, kitunguu saumu kwa wingi. Kaka akala akasema, "Hii imepikwa na mtu mwenye mama." Sifa kubwa hiyo kutoka kwa Mzanzibari!

Miami tulifika tumechoka na mifuko imechoka zaidi. Joe's Stone Crab, iliyoanzishwa na Joe Weiss mwaka 1913 Miami Beach, tuliisoma menyu tu tukaondoka kwa adabu. Lakini huyo kaa mwenyewe ana habari nzuri. Kisheria wavuvi hawamchukui mzima, wanachukua gando tu kisha wanamrudisha baharini, na gando linaota tena. Msimu unaanza tarehe 15 Oktoba mpaka tarehe 1 Mei, na tangu mwaka 2020 gando lazima lifike kama sentimita 7.3. Lakini kaa asiye na magando anapata tabu ya kula na kujihami, na wengi hufa. Mkenya akasema hiyo ndiyo mikopo ya wanafunzi: wanakukata mkono halafu wanakwambia nenda, utaota.

Tukala Little Havana. Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959 Wacuba wengi walikimbilia Miami wakidhani watarudi baada ya miezi. Hawakurudi. Mwaka 1971 mkimbizi Felipe Valls alifungua mgahawa wa Versailles, wenye kidirisha cha kuuzia kahawa upande wa barabara. Pale wazee wanasimama na vikombe vidogo vya kahawa tamu, wanabishana siasa. Jamani, ni kijiwe cha kahawa cha Kariakoo kabisa, tofauti ni sukari tu! Fidel Castro alipofariki Novemba 2016, watu walijazana nje ya mgahawa huo usiku uleule, wengine wanashangilia, wengine wanalia. Mgahawa umekuwa kama bunge la watu wasio na nchi.

Jirani kuna duka la aiskrimu linaitwa Azucar, yaani sukari kwa Kihispania, lilifunguliwa 2011. Tulikula aiskrimu ya mapera, jibini laini na biskuti, iliyopewa jina la bibi.  Nikafikiri, mtu aliyeondoka kwao na sanduku moja hawezi kubeba nyumba wala shamba, lakini ladha ya bibi yake anaibeba. Nikamkumbuka bibi yangu na kashata zake, nikanyamaza kidogo.

Kutoka Miami tukavuka madaraja mpaka Key West, visiwa vimefuatana kama shanga. Treni ilifika huko mwaka 1912, kimbunga cha 1935 kikaivunja njia, barabara ya magari ikafunguliwa 1938. Kabla ya hapo visiwani maziwa ya ng'ombe na barafu vilikuwa adimu. Lakini maziwa ya kopo yalikuwepo, maana Gail Borden alipata hataza ya kuyagandamiza mwaka 1856. Changanya maziwa ya kopo, viini vya mayai na maji ya ndimu: ule ukali wa ndimu unayafanya maziwa yagande yenyewe. Ndiyo pai ya ndimu ya Key West, na mwaka 2006 jimbo likaitangaza kuwa pai rasmi ya Florida. Wapo wanaodai chanzo chake ni maelezo ya upishi ya kampuni ya maziwa miaka ya 1930. Ukisema hivyo Key West usikae karibu na mlango, utasukumwa nje.

Sasa sikieni. Kaka wa Unguja alionja kijiko kimoja, akafumba macho. "Hii ndimu ya kwetu." Tukamcheka. Jioni nikatazama vitabu, kumbe kasema kweli! Ndimu ile ndogo yenye mbegu nyingi na ganda jembamba, wanayoiita ya Key, ni jamii ileile moja na ndimu tunayokamulia samaki pwani. Asili yake ni Asia. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi na Waarabu waliisambaza upande wetu na upande wa Mediterania, Wahispania wakaivusha mpaka Karibi, ikafika Florida. Kimbunga cha 1926 kikaharibu mashamba yake, na wakulima wengi wakahamia ndimu kubwa zisizo na mbegu. Kwa hiyo mti mmoja ulitawanyika njia mbili, na mtoto wa Unguja akaja kuutambua kwa ulimi upande wa pili wa dunia. Na pai ya kweli ni ya njano, ukiona ya kijani ujue ni rangi.

Ningependa kumalizia hapo pazuri. Lakini kuna siku ya kurudi.

Tulipanda na pwani ya mashariki. Kwenye mji mmoja, siutaji, tuliingia mgahawa saa moja usiku. Binti wa mlangoni akasema tusubiri. Meza tatu ziko wazi tunaziona. Wakaja wazungu wanne baada yetu, wakakalishwa. Kaka wa Unguja akasema kwa upole, twendeni zetu, riziki haigombewi. Mkenya akasema hatuondoki, na sauti yake ikaanza kupanda. Mimi nikaenda kuuliza. Binti akasema wale walishaweka meza kwa simu. Dakika kumi baadaye tukakalishwa, na mhudumu aliyetuhudumia alikuwa mkarimu kabisa. Bili ilipokuja tukabishana juu ya bakshishi. Mkenya hataki kuacha hata senti. Mimi nikasema aliyetuhudumia siye aliyetusimamisha. Tukaacha asilimia 20, roho zinauma.

Mpaka leo sina uhakika. Labda walikuwa wameweka meza kweli. Hiyo ndiyo inayonisumbua. Patricia Stephens alijua wazi anachonyimwa, kilikuwa kimeandikwa ukutani na kulindwa na polisi. Mimi nimebaki na dakika kumi na wasiwasi.

Kesho yake tukasimama St. Augustine, mji uliojengwa na Wahispania mwaka 1565. Mwaka 1963 ulikuwa unajiandaa kusherehekea miaka 400, na mwaka huohuo wanafunzi wanne wa sekondari walikamatwa kwa kukaa kwenye kaunta ya Woolworth wakafungiwa karibu miezi sita. Watoto! Tarehe 11 Juni 1964 Martin Luther King akakamatwa kwenye ngazi za hoteli ya Monson kwa kuomba kula ndani ya mgahawa wake. Siku saba baadaye watu weusi na weupe waliingia pamoja kwenye bwawa la hoteli hiyo, na meneja akamwaga tindikali majini. Picha zikasambaa duniani. Tarehe 2 Julai 1964 sheria ya haki za kiraia ikasainiwa, na mgahawa kumnyima mtu chakula kwa rangi yake kukawa kosa. Hoteli ilibomolewa 2003, lakini ngazi zile wamezihifadhi. Tulizikuta mbele ya hoteli mpya. Ni ngazi chache tu, fupi. Mkenya alikaa juu yake, safari hii hakuzungusha kitu.

Mwisho tukapita Jacksonville. Tarehe 27 Agosti 1960 vijana waliokuwa wanakaa kwenye kaunta za mji huo walivamiwa na wanaume weupe zaidi ya 200 wenye mipini ya mashoka na magongo ya besiboli. Kiongozi wao, Rodney Hurst, alikuwa na miaka 16. Mwaka uliofuata kaunta zikafunguliwa kwa wote.

Sisi Dar tukisafiri kwenda mkoani tunafunga mayai ya kuchemsha na chapati, raha ya safari. Familia nyingi za weusi hapa nazo zilifunga kuku na mayai kwenye maboksi, lakini kwa sababu barabara nzima hapakuwa na uhakika wa kuuziwa. Tangu 1936 walikuwa na kitabu maalumu, cha mtu wa posta Victor Green, kinachoonyesha wapi utakula na wapi utalala bila kufukuzwa. Kilitoka mpaka miaka miwili hivi baada ya sheria ile.

Nimebakiza moja. Wale watano walipokuwa jela Tallahassee, mchezaji maarufu wa besiboli Jackie Robinson aliwatumia zawadi. Hakuwapelekea chakula, wala pesa ya faini. Aliwatumia vitabu vya shajara, waandike yanayowapata. Nilipolisoma hilo nikatazama hiki kijishajara changu cha mambo ya mitihani na misosi, nikaona aibu kidogo, halafu nikaona basi nami niandike vizuri zaidi. Ndiyo maana leo nimeandika zile dakika kumi, hata kama sina uhakika nazo.

Ni hayo tu wadau. Kesho nina kipindi saa mbili asubuhi na sijafua. Alamsiki!